Chaja ya Gari Dogo la Umeme: Pimeni Kabla ya Kununua



Magari madogo ya umeme yaliyobuniwa kwa ajili ya viwanja vya gofu hutumika pia kubeba watu na mizigo katika hoteli, viwanja vya ndege na maghala. Chama kinachonunua gari la namna hiyo, hasa lililokwisha kutumika, hupokea pamoja nalo betri za risasi na asidi, na chaja yake. Siku betri zitakapokataa kujaa, neno la kwanza kikaoni litakuwa kwamba chaja imekufa, inunuliwe nyingine. Madhumuni ya maelezo haya ni kuonyesha kwamba mara nyingi kosa si la chaja, na kwamba fedha za wanachama zisitolewe kabla ya kupima.

Gari la volti 36 kwa kawaida huwa na betri sita za volti 6. La volti 48 huweza kuwa na sita za volti 8. Betri hizo zimeungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikidhoofika, zote hudhoofika. Chaja nyingi zinazojiwasha zenyewe hupima kwanza volti za betri. Zikikuta zimeshuka mno, haziwaki. Kwa hiyo gari lililoachwa miezi kadhaa bila kuchajiwa huifanya chaja nzima ionekane mbovu.

Uchunguzi ufuate utaratibu huu.

Kwanza, soketi ya ukutani ijaribiwe kwa taa au chombo kingine. Kisha zitazamwe fyuzi, plagi na waya. Plagi iliyoungua au kulegea hubadilishwa. Fyuzi iliyokatika iwekwe nyingine ya kipimo kile kile. Kufunga kipande cha waya mahali pake ni kualika moto.

Pili, gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, zipimwe volti za betri zote pamoja. Zilizojaa za gari la volti 48 huonyesha karibu volti 51. Za volti 36 huonyesha karibu 38. Baadaye ipimwe kila betri peke yake. Ile iliyo chini sana ya wenzake ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa zote zimeshuka sawasawa, fundi aweza kuzitenganisha na kuchaji kila moja kwa chaja ndogo ya volti zake, chini ya uangalizi, mpaka chaja kubwa izitambue.

Tatu, chaja yenyewe isikilizwe. Chaja ya transfoma yenye betri nzuri ikikaa kimya kabisa, huenda swichi yake ya ndani haishiki. Ikinguruma lakini mshale wa ampea hausogei, huenda fyuzi au dayodi imekatika. Ikikata fyuzi mara tu inapounganishwa, dayodi ishukiwe. Isipojizima hata baada ya saa nyingi, betri iliyochakaa yaweza kuwa ndiyo sababu.

Hapo mwanachama akome. Ndani ya chaja nyingi za transfoma mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa hatari hata plagi ikiwa imechomolewa. Kufungua kasha ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Tahadhari nyingine ni za kila siku. Betri zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Mahali pawe na hewa ya kutosha, na sigara na moto vikatazwe. Pete na saa za chuma zivuliwe, na macho yakingwe dhidi ya asidi. Sahani za risasi zisiachwe wazi: zifunikwe kwa maji kabla ya kuchaji, na kujazia hadi kipimo kufanywe baada ya kuchaji. Yatumike maji ya betri yasiyo na chumvi, asidi isiongezwe.

Mwisho, kila katibu mwenye gari la namna hii afungue daftari lake. Kila mwezi ziandikwe tarehe, volti za kila betri na maji yaliyoongezwa. Fundi akisema betri moja imekufa, au muuzaji akishauri chaja mpya, halmashauri itakuwa na tarakimu za kumwuliza maswali. Gari ni mali ya wanachama wote, na daftari hilo ni sehemu ya ulinzi wake.