Kidonge Kimoja, Dawa Mbili



Leo nataka tuizungumzie amitriptilini, kile kidonge ambacho wengi wetu tunakiita dawa ya usingizi. Daktari humwandikia mgonjwa wa sonona, wakati mwingine hata mwenye maumivu ya neva. Ukimeza usiku, asubuhi unaweza kuamka kinywa kikavu, kichwa kizito, na ukiinuka ghafla kitandani unashikwa na kizunguzungu. Lawama zinaanza hapo: dawa kali hii, mbona haijaisha?

Haijaisha kweli. Ini likiipokea huigeuza kuwa dawa nyingine, nortriptilini, na hiyo si takataka ya kusubiri kukojolewa. Ni mtoto anayefanya kazi ya mama yake, na mara nyingi hukaa mwilini kumzidi. Kuna nchi ambako huyo mtoto hutengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa jina lake mwenyewe.

Kuiondoa nortriptilini ni kazi ya kimeng'enya kinachoongozwa na jeni iitwayo CYP2D6, na hapa Watanzania tuna letu. Mwaka 2001 watafiti walichapisha maelezo ya aina moja ya jeni hiyo, namba 29, iliyoonekana kwa Watanzania wengi, ambayo kimeng'enya chake ni kizito kazini. Ni moja ya sababu ndugu wawili wa boma moja humeza kipimo kilekile, mmoja akaamkia shambani, mwenzake akasinzia mchana kutwa. Huyo wa pili si mvivu, wala hajarogwa.

Sasa ongeza malaria. Dawa yetu ya mseto, ALu, ina lumefantrini, nayo hukizuia kimeng'enya hichohicho. Amitriptilini na mtoto wake huweza kurundikana, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mgonjwa simlaumu: homa imempanda, kakimbilia duka la dawa, nani kamuuliza anatumia kidonge gani kingine?

Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, nayo ina mambo yake. Mtoto wake, norfluoksetini, huchukua siku 4 hadi 16 kupungua nusu tu. Mtu anaacha dawa kimyakimya, wiki mbili yuko mzima, anatangaza amepona. Kumbe bado anatibiwa na akiba iliyobaki mwilini! Sonona ikirudi baadaye, kidonge hakikumbukwi tena, anatafutwa mchawi.

Malaria lazima itibiwe, hilo halina mjadala. Ila wewe unayetumia dawa hizi, homa ikikushika nenda na pakiti yako mkononi, umwonyeshe tabibu kabla hajaandika mseto. Usipunguze, usiongeze wala usiache bila yeye kujua. Na pakiti hiyo iwekeni mbali na watoto, maana amitriptilini ikizidi kipimo huua.