Kikopo cha Yogati Kutoka Gisimenti: Kinampa Mtoto Nini?

(Mazungumzo kwa wazazi, siku ya kupima uzito wa watoto)

Ndugu wazazi, hasa ninyi akina mama mliokuja na watoto mgongoni,

Leo nimeombwa niongee juu ya kikopo. Mnakijua wote: kifuniko chenye picha ya stroberi, na ndani yogati ya rangi ya waridi. Mtu akienda Kigali na kupita Gisimenti, pale Remera, hataki kurudi mikono mitupu. Anamnunulia mtoto yogati. Mtoto anafurahi, na mzazi anajiambia: leo mwanangu amepata maziwa na matunda.

Kuhusu maziwa, ni kweli. Gramu 100 za yogati ya kawaida zina gramu 3 hadi 4 za protini, ya kujenga mwili, na karibu miligramu 120 za kalsiamu, ya kuimarisha mifupa na meno. Ile ya ladha ya matunda hupungukiwa kidogo, kwa sababu sukari imechukua nafasi ya maziwa. Tena, maziwa yaliyoganda hayasumbui sana tumbo la mtu anayeharisha akinywa maziwa ya kawaida.

Kuhusu matunda, angalieni vizuri. Mara nyingi ndani ya kikopo mna matunda machache sana, au mna rangi na harufu tu. Kipande cha papai kina vitamini C kuliko picha ya stroberi!

Sasa sukari. Tafuteni mstari wake kwenye kikopo. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, karibu gramu 5 katika kila gramu 100. Ikiwa imeandikwa 13, basi karibu gramu 8 zimeongezwa. Kikopo cha gramu 200 kitakuwa na gramu 16 za kuongezwa, yaani vijiko 4 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi sehemu 10 kwa mia ya nguvu za chakula cha siku, na ni vema zaidi isizidi 5. Kwa mtoto wa miaka 2 anayehitaji karibu kalori 1000 kwa siku, hiyo 5 kwa mia ni gramu 12 na kitu. Kikopo kimoja kimeshapita hapo, na chai hajanywa bado.

Sisemi msinunue kamwe. Mtoto naye ana haki ya kufurahi. Nasema fedha ya chakula ni kidogo, na kule kule Kigali kuna maduka ya maziwa yanayouza ikivuguto, ambayo baadhi yetu tuliotoka Kivu tunaiita mashanza. Ni maziwa yale yale yaliyoganda, bila sukari. Pondeni ndizi mbivu au embe, changanyeni, na mtoto atalamba sahani. Ukipata maziwa mabichi kwa jirani mwenye ng'ombe, yachemshe kwanza ndipo uyagandishe.

Safari nayo ni jambo. Yogati inataka ubaridi. Ikikaa saa kadhaa kwenye basi lenye joto, huanza kuharibika. Kifuniko kikivimba, itupeni, hata kama inauma.

Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6, wewe usimpe yogati wala ikivuguto, hata kijiko. Ziwa lako linamtosha, na hata maji hayahitaji. Baada ya miezi 6 anaweza kuonja ile isiyo na sukari, pamoja na vyakula vingine, huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi.

Jambo moja wengi hawalijui: maziwa yana madini ya chuma kidogo mno. Mtoto anayeshiba maziwa na kukataa chakula anaweza kupungukiwa damu, hata akiwa mnene. Kwa hiyo maharagwe, lengalenga na sambaza za kusagwa zisikose kwenye uji au ugali wake.

Na mtoto aliyeandikiwa chakula cha dawa kwa sababu amekonda, amalize kwanza kile cha siku hiyo. Mkanda wa kupimia mkono uko mezani pale. Anayetaka mtoto wake apimwe leo aje sasa, tutaanza na wadogo.