Haki ya Mwanamke katika Biashara ya Mchele

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba wanaume na wanawake na akamwandikia kila mmoja riziki yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, nanyi akina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nataka kuzungumza juu ya chakula ambacho wengi wenu mtakipakua mara baada ya swala hii, nacho ni wali.

Mchele tunaokula Dar es Salaam hutoka mbali: Kyela na Mbarali, bonde la Kilombero, Shinyanga. Ukishafika Tandale kwa upande wa Kinondoni, au Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, tazameni nani ameketi wapi. Mwenye gari ni mwanamume. Dalali ni mwanamume. Mwenye mashine ya kukoboa, na mwenye kushika mizani, mara nyingi ni mwanamume. Mwanamke yuko chini, juu ya turubai, na ungo mkononi: anapepeta, anachagua mawe, anatenga chenga. Hulipwa kwa gunia, na vumbi analolivuta halilipwi. Mwingine huchukua kilo chache kwa mali kauli akauze mlangoni pake. Sisemi kwamba hapana wanawake wenye maduka ya jumla. Wapo, na Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini wahesabuni.

Wapo wasemao kuwa hii ndiyo desturi, na wengine, Mungu atusamehe, husema ndiyo dini. Dini ipi? Bibi Khadija (R.A.) alikuwa na mali yake na biashara yake, na Mtume wetu (S.A.W.) alikwenda Sham na bidhaa za bibi huyo kabla hawajaoana. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewapa wanaume fungu katika walichokichuma, na wanawake vivyo hivyo.

Someni pia Suratul Qasas, habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye maji ya Madyan. Aliwakuta wachungaji wakinywesha, na mabinti wawili wamesimama kando wakiwazuia wanyama wao, wakingoja wanaume waondoke. Baba yao alikuwa mzee sana. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, amechoka na ana njaa. Wala hakuwaambia kwamba kungoja ni ada ya wanawake. Aliwanyweshea. Mimi kila nipitapo penye mashine, nikamwona mama amefika alfajiri na gunia lake moja, na wenye magunia kumi wakipitishwa mbele yake, huikumbuka aya hiyo.

Sasa nitakuelezeni kosa langu mwenyewe.

Miaka iliyopita niliitwa kugawa mirathi. Marehemu aliacha mjane, mabinti wawili na ndugu mmoja wa kiume. Katika mali ilikuwamo mashine ya kukoboa mpunga huko Ifakara. Niliuliza deni, niliuliza wasia, kisha nikagawa kama ilivyofaradhiwa, na mjane akapata thumni yake. Nilirudi nyumbani nikiwa radhi na kazi yangu. Baada ya miezi mama yule alinijia, akaniambia kwa upole: “Shehe, mbona hukuniuliza mimi?” Nusu ya fedha za mashine ile ilikuwa yake, aliyoichuma kwa kuuza mchele Temeke miaka mingi. Ilikuwa ubia wao. Mabinti walilijua hilo, na shemeji yake pia alilijua.

Wanafunzi, hesabuni nami. Tuseme mashine ina thamani ya shilingi milioni 8. Thumni yake ni milioni 1, na ndiyo niliyompa. Lakini haki ilikuwa kwanza kutoa milioni 4 zilizo zake, kwa kuwa mtu hurithiwa alichokimiliki, hairithiwi mali ya mwenziwe. Katika milioni 4 zilizobaki thumni yake ni laki 5. Jumla ni milioni 4 na laki 5. Kwa kutouliza swali moja nilimwondolea milioni 3 na laki 5, na kalamu yangu ikaandika kwamba ni sheria ya Mungu.

Wala asiseme mtu kwamba mali ya mke huzama katika mali ya mume. Zaynab, mkewe Ibn Masoud (R.A.), aliuliza kama matumizi yake kwa mumewe na mayatima aliowalea yanahesabiwa kuwa sadaka, akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili. Mtu hatoi sadaka kwa mali isiyo yake. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya nchi yetu nayo inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mwanamume.

Basi andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni juu ya kuandikiana deni. Nasi twajua kuisoma kwa tajuwidi, lakini mume na mke wakinunua mashine hawaandiki hata mstari. Na wewe mwenye ghala, mlipe mpepetaji kabla jasho lake halijakauka, usimwambie aje kesho. Mkulima mwanamke usimjazie lumbesa kwa sababu hana wa kumtetea, watu wa Nabii Shuaib (A.S.) waliangamia, na vipimo vilikuwamo katika makosa yao.

Niliwaita tena wale warithi. Mabinti walirudisha fungu lao lote la ziada siku ile ile. Ami yao alisema jambo limekwisha na karatasi ina sahihi yangu. Kweli inayo. Nimemwandikia nyingine, mbele ya mashahidi wawili, nikikiri kosa, na mama yule anayo nakala. Ami bado hajajibu.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha.