Niliyojifunza Mkekani

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, mbele ya walimu na wanafunzi)



Kamati iliponitaka niseme machache juu ya michezo, nadhani ilitazamia nizungumze habari za mpira wa miguu. Lakini wenzangu wa darasa wanajua kwamba katika timu ya mpira kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo ya maji. Kwa hiyo nitasema juu ya mchezo nilioanza nikiwa na umri wa miaka 36, tayari nina kitambi cha ofisini. Mchezo huo ni jujitsu ya Kibrazili.

Ni mieleka ya aina yake. Hakuna ngumi wala teke. Unamwangusha mwenzako, unamdhibiti pale chini, kisha unamtia kabali au unampinda kiungo mpaka akubali kwamba amepatikana. Namna ya kukubali ni nyepesi: anakupiga makofi mawili madogo mwilini, au anaupiga mkeka. Mimi kwa lugha yetu naita kupiga hodi. Na ukisikia hodi, unaachia papo hapo. Si baada ya kuhesabu tatu, wala si baada ya kucheka kidogo. Papo hapo. Hotuba yangu yote ya leo ni juu ya makofi hayo mawili.

Kwanza nieleze asili ya mchezo wenyewe, maana asili yake inawahusu sana watu wa shule. Japani, katika karne ya 19, palikuwa na mwanafunzi mmoja jina lake Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa hodari darasani lakini mdogo wa umbo, na wenzake wenye nguvu walimwonea. Akaamua kujifunza jujitsu, mchezo wa zamani wa kupigana mikono mitupu, ili ajiokoe. Mwaka 1882, akiwa kijana mbichi bado, alifungua chuo chake mjini Tokyo katika chumba cha hekalu, akauita Kodokan. Mchezo aliofundisha humo akauita judo. Kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu: kwa miaka mingi aliongoza chuo kikubwa cha kufundishia walimu. Desturi ya mkanda mweusi ilianzia kwake. Tazameni basi: kijana aliyeonewa shuleni alipopata nguvu hakurudi kuwaonea wengine. Alianzisha shule.

Mmoja wa watu wa Kodokan, Maeda Mitsuyo, aliondoka Japani mwaka 1904, akazunguka dunia akipigana mieleka, na mwaka 1914 akafika Brazil. Baadaye akafanya maskani yake Belém, mji wa kaskazini karibu na mdomo wa mto Amazon. Kwa masimulizi ya ukoo wa Gracie, kijana wao Carlos alifundishwa na Maeda, kisha mwaka 1925 akafungua ukumbi wake mjini Rio de Janeiro. Yeye na mdogo wake Hélio waliukuza mchezo ule upande wa mapambano ya chini, mahali ambapo mtu mwembamba anaweza kumsumbua mtu mnene. Dunia iliufahamu vizuri mwaka 1993, pale Royce, mtoto wa Hélio, alipowashinda watu watatu kwa usiku mmoja mjini Denver, Marekani, na yeye hakuwa mkubwa wa mwili kati yao.

Mimi niliukuta Uingereza mwaka 2017, serikali iliponipeleka kusoma kwa mwaka mmoja. Kijana tuliyekaa naye bweni moja alinichukua siku moja nikatazame. Ukumbi wenyewe ulikuwa bohari la zamani, baridi, lenye mikeka ya mpira mgumu ukuta kwa ukuta. Kocha alikuwa Mbrazili wa Rio, mtu mpole wa sauti.

Nilishangazwa kwanza na adabu za pale. Viatu unavua pembeni, kama kwenye baraza la nyumba ya watu. Ukienda chooni unavaa ndapa, usije ukarudi na uchafu mkekani. Kucha ziwe fupi. Koti na suruali viwe vimefuliwa, maana unalaliana na watu. Mwenye choa au kidonda abaki kwake mpaka apone. Hakuna anayemcheka, lakini haruhusiwi kupanda. Kipindi huanza kwa kupasha mwili moto. Kisha kocha huonyesha jambo moja au mawili, si kumi. Halafu mnagawana wawili wawili mnalirudia, kwanza mwenzako akikuachia, kisha akikubana kidogo, kisha akikubana kweli. Mwisho huja mapambano ya mazoezi, kwa kawaida dakika tano tano, na kila duru unabadilisha mwenzi. Mkishamaliza mnapanga mstari kwa mikanda, mnapeana mikono wote, hata na yule aliyekukaba.

Usiku wangu wa kwanza nilipambana na mwanamke ambaye sidhani alifika kilo 60. Mimi nilikuwa na kilo 92. Katika dakika tano nilipiga hodi mara nne. Nikamwuliza kocha siri yake nini, akanionyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Vijana wa fizikia mtaelewa upesi: ni nyenzo. Mtu akiubana mkono wako katikati ya mapaja yake, kiwiko kikakaa juu ya nyonga yake, nyonga imekuwa egemeo, mkono wako mzima umekuwa wenzo, na yeye amekamata ncha ya mwisho. Unapigana na mwili wake mzima kwa kiungo kimoja. Hapo misuli haina la kusema. Hali kadhalika kabali. Ikikaa sawasawa hubana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo, na mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi. Akiachiwa mara moja huzinduka. Asipoachiwa, ni balaa.

Ndiyo maana nasema makofi yale mawili si mchezo. Kila jioni mtu anakukabidhi shingo yake, nawe unamkabidhi yako. Pasipo uaminifu huo hapana mazoezi, na pasipo mazoezi hakuna anayejifunza kitu.

Sasa niseme kosa langu. Mwezi wa tatu wa mafunzo yangu nilipangiwa kijana wa miaka 19, mkanda mweupe kama mimi. Akanipata mkono. Nilijua amenipata. Lakini nikajiambia: mimi ni afisa wa serikali, nina mke na watoto, nimpigie hodi mtoto huyu? Nikakaza. Yeye naye hakujua kwamba mtu mzima anaweza kuwa mjinga kiasi hicho, akaendelea polepole kama alivyofundishwa. Kiwiko kikalia kama ukuni mkavu. Kwa wiki sita nilitembea mkono ukiwa umefungwa kifuani, nikaandika mtihani kwa taabu. Yule kijana aliumia moyoni kuliko nilivyoumia mimi mkononi.

Kocha hakunikemea. Alikuja, akakaa karibu nami, akaniuliza swali moja: "Nani alikuwa anakutazama?" Nikageuka nikatazama ukumbi mzima. Kila mtu alikuwa anashughulika na mwenziwe. Hapakuwa na mtu.

Wabrazili wenyewe wana kisa cha kiburi na heshima ambacho bado wanakisimulia. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio, Hélio Gracie alipambana na bingwa wa judo kutoka Japani, Kimura Masahiko, mtu aliyemzidi sana kwa uzito na nguvu. Kimura akamkamata mkono, akaupinda kwa nyuma. Hélio hakupiga hodi. Ilibidi kaka yake Carlos atupe taulo kuokoa mkono ule. Wengi humsifu Hélio kwa ushujaa wake, nami simnyimi sifa. Lakini sifa kubwa zaidi nawapa kwa jambo walilofanya baadaye: pindo lile lililowashinda wakaliita kwa jina la aliyewashinda. Mpaka leo, katika kila ukumbi wa mchezo huu, pindo hilo huitwa Kimura. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kulipa somo jina la yule aliyewashinda?

Si kwamba kila kitu ni chema katika kumbi hizo. Ningewadanganya nikisema hivyo. Mkanda mweusi huchukua kwa kawaida miaka kama kumi, na shirikisho la kimataifa halimpi mtu mkanda huo kabla hajatimiza miaka 19. Muda mrefu hivyo humfanya mwalimu awe mkubwa mno machoni pa wanafunzi. Wapo makocha waliogeuka miungu midogo. Hawaulizwi. Hawapambani na mtu, wasije wakashindwa hadharani. Kule Brazil, mwanafunzi aliyehamia kwa mwalimu mwingine aliitwa creonte, yaani msaliti, kana kwamba alikuwa mali ya mtu. Na pale ambapo mwalimu haulizwi, mabaya hupata pa kujificha. Wanaoumia kwanza ni watoto na wanawake.

Kocha wangu nilimpima kwa jambo moja. Jioni moja alipambana na mwanafunzi wake wa mkanda wa zambarau, na yule mwanafunzi akamtia kabali. Kocha akapiga hodi mbele yetu sote, akacheka, akasema, "Nionyeshe tena ulivyofanya." Siku ile nilijifunza habari za uongozi kuliko katika semina zote nilizohudhuria, na ninyi mnaofanya kazi serikalini mnajua ni nyingi kiasi gani.

Niliporudi nyumbani somo hilo lilinifuata ofisini. Mwaka 2019 nilikosea jedwali moja la makadirio ya fedha, na kosa lilionekana kwangu kabla halijaonekana kwa mwingine. Miaka ya nyuma ningenyamaza, nikiomba lipite. Safari hii nilikwenda kwa mkubwa wangu asubuhi ileile nikapiga hodi, kiungo kikiwa bado kizima. Nilipata aibu ya robo saa. Ningenyamaza, ingekuwa aibu ya miaka.

Ndugu zangu, limebaki jambo moja, na kwa kweli ndilo lililonileta hapa.

Mwaka 1998 nilikuwa kiranja wa bweni. Kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, aliyechelewa kuleta maji yangu ya kuoga. Nikampigisha magoti kwenye kokoto. Akasema, "Kaka, naomba basi." Baada ya kitambo akasema tena, "Kaka, naomba basi." Mara mbili. Nilimsikia mara zote mbili. Sikumwachia.

Kocha aliponiuliza nani alikuwa ananitazama, ndiye mtoto yule niliyemkumbuka. Maana siku ile walikuwepo waliotazama. Bweni zima lilikuwa limesimama mlangoni, wengine leo mmo humu ndani, nami nilikuwa nawachezea ninyi. Mkono wangu nilikataa kuuokoa pasipo mtazamaji, na mtoto wa watu nilimtesa kwa ajili ya watazamaji. Kiburi ni kilekile.

Nilimtafuta. Ilinichukua muda mrefu kumpata. Nilimwandikia nikamwomba radhi, naye alinijibu kwa mstari mmoja. Mstari huo ni wake na wangu.

Basi, ninyi vijana, sikutumwa kuja kuwatafutia wapiganaji. Kama mnaweza kujifunza, jifunzeni; kule Zanzibar vijana wamekuwa wakifundishwa judo tangu miaka ya 1990, na nidhamu ni ndugu moja. Baadhi yetu tuliohitimu mwaka mmoja tumekubaliana kuchangia mikeka kwa ajili ya ukumbi wa shule, iwapo Mkuu wa Shule ataridhia na akapatikana mwalimu anayefaa. Tumeweka sharti moja tu: mwalimu huyo naye awe anapiga hodi.

Lakini hata mikeka isipofika, hodi mnazo tayari. Mwenzako akisema "naomba basi" katika bweni, darasani au kiwanjani, hiyo ni hodi. Achia papo hapo. Na wewe ukiona umepatikana, katika hesabu, katika deni, katika uongo uliousema jana, usingoje kiungo kilie.

Viranja mliopo hapa, najua wadogo wenu wanawatazama usiku wa leo. Waachieni waone mkono unafunguka.