Wanne Waliobeba Kitanda

Somo: Marko 2:1-12

Mmesikia habari ya yule mwenye kupooza huko Kapernaumu, jinsi watu wanne walivyomchukua, na walipozuiwa na umati, wakafungua paa la nyumba ya watu.

Leo nataka kusema juu ya mgonjwa ambaye hapa Port Victoria twampita kila siku. Anaishi na virusi vya UKIMWI, anameza dawa zake bila kukosa, na bado anavuta sigara. Pengine ni mvuvi wa omena. Usiku kucha yuko ziwani katika baridi, na sigara ndiyo humfukuzia usingizi. Akirudi asubuhi, kibandani huuziwa moja moja, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza.

Zamani watu walisema, "Mwache avute, atakufa tu." Yalikuwa maneno mabaya hata wakati ule, na siku hizi si kweli. Mtu akianza dawa mapema na kuzishika, aweza kuwaona wajukuu wake. Sigara ndiyo humnyima miaka hiyo. Waganga wa Denmaki waliwafuatilia wagonjwa wao waliotibiwa vizuri, wakatangaza mwaka 2013 kwamba mtu wa miaka 35 mwenye virusi na anayevuta hupoteza zaidi ya miaka 12 ya maisha kwa ajili ya sigara, na kama miaka 5 tu kwa ajili ya virusi. Denmaki si Bunyala, lakini mapafu ni mapafu. Tena huku kwetu kiko kifua kikuu, ambacho humshika upesi mwenye virusi, na moshi humfungulia mlango.

Sisi twajua habari za matuta ya mto Nzoia. Mwaka 2020 maji yalipovunja tuta, watu walihama na watoto na kuku. Tuta laweza kuwa imara, lakini fuko akichimba ndani yake, maji hupata njia. Dawa ni tuta, na sigara ni fuko.

Kanisa limefanya nini? Mara nyingi tumemkemea tu. Huyu tayari amebeba aibu moja kwa siri. Tukimtwika ya pili, huikimbia ibada, na wengine huikimbia hata kliniki wakiogopa kugombezwa. Nasema wazi: hata kama hajaweza kuacha sigara, asiache dawa hata siku moja. Wala asiache kwa sababu ameombewa.

Katika habari ile hatusomi kwamba wale wanne walimhoji mgonjwa. Kila mmoja alishika pembe yake. Nawe huna haja ya kumwuliza ndugu yako kama ana virusi. Siri hiyo ni yake. Mwulize tu, "Unataka kuacha?" Akisema ndiyo, chagueni siku. Siku tatu za kwanza ndizo kali: atakuwa na hasira, usingizi utampotea, kichwa kitamwuma. Mkewe aambiwe mapema, asije akadhani amechukiwa. Hamu ikija, hukaa dakika chache ikapita. Atafune karanga au muwa, anywe maji, aje aketi kwako. Wenzake wa mashuani waombwe wasimpe hata moja. Amweleze pia daktari wa kliniki, maana ziko dawa za kusaidia, kama ile chingamu yenye nikotini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Asijinunulie ovyo; kwanza aonyeshe dawa anazomeza.

Akianguka wiki ya pili, usishtuke wala usipige mbiu. Wengi hujaribu mara nyingi kabla hawajaacha kabisa. Nadhani hata wale wanne walikiweka kitanda chini njiani, wakapumua.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke walio ziwani usiku huu. Umtie nguvu yule aliyeitupa sigara leo asubuhi na sasa mikono inamtetemeka. Utuonyeshe mlango wake, nasi tubishe hodi kabla hakujacha. Amina.