Herufi Zilizovaa Sare ya Wengine

Mazungumzo yetu ya leo yahusu adui asiyebeba bunduki: herufi moja ya uongo ndani ya anwani ya intaneti.

Kila mlinzi wa lango, awe Kimaka mjini Jinja au katika kambi ya Bugema huko Mbale, ajua kwamba sare peke yake haimtambulishi mtu. Sare huibwa, na sare hushonwa. Kwa hiyo mlinzi hudai kitambulisho, hata kama mgeni amepiga saluti barabara. Lakini askari huyo huyo, apokeapo ujumbe wa simu kwamba mkopo wake umekubaliwa, huweza kubonyeza anwani kwa sababu tu yafanana na ile ya chama chake cha akiba. Akiandika humo namba yake ya siri, karo ya watoto yaweza kutoweka kabla ya alfajiri.

Hila hiyo hufanyikaje? Jicho la binadamu husoma umbo, bali kompyuta husoma namba. Herufi a tuliyofundishwa shuleni ni namba 97. Alfabeti ya Kirusi nayo ina a yenye umbo lile lile, lakini namba yake ni 1072. Hata hapa kwetu, Luganda na Lusoga zina herufi ŋ, ambayo ni namba 331, ilhali n ya kawaida ni namba 110. Katika kioo kidogo cha simu, nani atauona mkia ule?

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Evgeniy Gabrilovich na Alex Gontmakher, walitangaza kwamba walikuwa wamesajili anwani iliyofanana na ile ya kampuni ya Microsoft kwa kutumia herufi za Kirusi mahali pa c na o. Vivinjari vikaanza kuzitilia shaka anwani zilizochanganya alfabeti mbili. Mwaka 2017 mtaalamu mwingine, Xudong Zheng, aliipenya ngome hiyo: aliandika jina la Apple kwa herufi za Kirusi tupu, bila kuchanganya chochote, na baadhi ya vivinjari vikalionyesha kana kwamba ni lenyewe. Watengenezaji wa Chrome walirekebisha kasoro hiyo mwaka huo huo.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuzipiga marufuku alfabeti nyingine. Hilo si haki. Mwarabu, Mhabeshi na Mrusi wana haki ya kuandika majina kwa maandishi yao, kama vile Msoga alivyo na haki ya kuitumia ŋ yake. Kosa ni la mlaghai, si la herufi.

Hapana budi, basi, tushike mambo matatu. Kwanza, usiingie benki wala chama cha akiba kupitia anwani uliyoletewa, iandike mwenyewe. Anwani za Serikali ya Uganda humalizikia kwa go.ug, na kati ya go na ug pana nukta, si kistari. Pili, ukiona anwani imegeuka na kuanza kwa xn na vistari viwili, jua kwamba ndani yake mna herufi zisizo za kawaida, nawe usimame uchunguze. Tatu, usidanganywe na alama ya kufuli. Kufuli lathibitisha kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Halithibitishi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu.

Kwa ndugu zetu wapelelezi, lipo jambo zito zaidi. Mwananchi ajapo kituoni kulalamika, usiinakili anwani ile kwa mkono na kuridhika. Kalamu yako itaandika a ya kweli mahali pa ile ya uongo. Ushahidi utakuwa umefutika, na jalada litamtaja mwenye anwani halali asiye na hatia. Uhifadhi ujumbe wenyewe kama ulivyofika, simu isifutwe kitu, na anwani inakiliwe kwa kompyuta pamoja na namba za herufi zake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamruhusu mpelelezi kuiomba mahakama itoe amri ya kuhifadhi data kabla haijapotea. Njia hiyo itumiwe mapema, kwani mlaghai haingoji asubuhi.

Ndugu wasikilizaji, akiba ya askari ni jasho lake, na jina la asiye na hatia ni amana mikononi mwa Polisi. Vyote viwili vyaweza kupotea kwa herufi moja isiyokaguliwa.