Siku 21 za Desemba

Hotuba ya walezi wa kambi ya wasichana, kama ilivyosomwa kwenye chakula cha hisani cha mwaka cha Umoja wetu

Ndugu zetu mliotoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, karibuni nyumbani. Na ninyi mliotoka Endulen na Mang'ola mkala vumbi njia nzima ili muwahi, poleni na safari. Tuliosimama hapa ni walezi wa kambi. Mmoja wetu anasoma, lakini maneno ni yetu sote. Tuliyaandika jikoni, kwa hiyo karatasi hizi zikinuka moshi mtatusamehe.

Tumeombwa tueleze kambi hii ni kitu gani hasa. Mwaka jana baadhi yenu mliuliza, na mliuliza kwa haki, kwa nini Umoja unaochangia madarasa na matenki ya maji sasa unaombwa hela ya maharage.

Jibu liko kwenye kalenda. Binti wa darasa la saba anafanya mtihani wake Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Hapo katikati si mwanafunzi wa msingi tena, na wa sekondari hajawa. Mwalimu aliyekuwa akimwita jina kila asubuhi ameshalifunga lile daftari. Akitoweka wiki mbili, hakuna ofisi inayomwandikia mzazi barua kuuliza aliko. Dada zake wa sekondari nao, likizo ya Desemba ikifika, mabweni hupigwa kufuli, na matroni anakwenda kwao kama kila mtu.

Basi ndipo mambo yanapotokea. Ndipo anapopita yule mama mwenye maneno matamu anayetafuta wasichana wa kazi za ndani wa kupeleka Arusha. Ndipo wazee wanapokaa chini ya mti kuzungumza habari za ng'ombe, na binti anayezungumzwa yuko ndani anapika chai yao. Ndipo ngariba anapoitwa, maana kidonda kinapata muda wa kupona kabla shule haijafunguliwa. Mabweni tumeyachangia, tunajivunia, na tutaendelea kuyachangia. Lakini hatujawahi kumpoteza msichana aliyekuwa amelala bwenini. Tumewapoteza likizo.

Sheria zipo, hilo tusidanganyane. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, na anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anaweza kufungwa miaka 30. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyoacha mwanya wa kumwoza binti wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba mwanya huo haukubaliki, na Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo 2019. Yote hayo ni mazuri. Ila sheria inakaa mjini, na kutoka Kakesio hadi mjini mnakujua wenyewe.

Hatukuvumbua sisi. Kule Tarime, kituo cha Masanga kimekuwa kikipokea wasichana msimu wa ukeketaji, wakakaa hadi hatari ipite. Mugumu nako ipo nyumba salama. Na wala si jambo la kuazima kabisa kwa jirani. Bibi zetu wa Kiiraqw walikuwa na marmo: wasichana walikaa ndani pamoja kwa muda mrefu, wakifundishwa na akina mama, wakishona sketi zao za ngozi na shanga. Desturi ile ilikoma enzi za mkoloni, na hatusemi irudi. Tunasema tu kwamba kuwakusanya mabinti mahali pamoja, na akina mama wakakaa nao, si ugeni katika nchi hii. Bibi mmoja wa Rhotia alipokuja kututembelea aliketi jikoni, akawatazama kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe mmewaweka ndani.” Tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Sasa maisha yenyewe. Shule moja hapa Karatu hutuazima mabweni yake. Wasichana 60, kuanzia waliomaliza darasa la saba hadi wa kidato cha tatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kengele, na mnajua baridi ya Karatu ilivyo hata Desemba mvua ikinyesha. Uji, kufagia, kisha masomo hadi saa saba: hesabu, Kiingereza, na kwa hawa wanaoingia kidato cha kwanza, namna ya kusoma kitabu ambacho hakina Kiswahili hata mstari mmoja. Wanaofundisha ni watoto wenu walioko vyuo, na hawalipwi. Mchana ni kushona taulo za kike za kufua, netiboli, na bustani. Jioni ni kupika.

Mwaka wa kwanza tulikosea, na tunalisema hapa kwa sababu wengi wenu mtaanzisha mambo kama haya kwingine. Tuliwapanga vitandani kwa mahali walipotoka, tukidhani tunawafanyia wema. Wa Mbulumbulu chumba hiki, wa Endulen kile, wa Baray na Mang'ola kile cha mwisho. Siku ya nne tulikuwa na kambi tatu ndani ya uzio mmoja. Foleni ya maji ikawa foleni ya makabila. Siku moja ndoo ilimwagwa kwa makusudi, mtu akavutwa nywele, na tusi lililotoka hapo hatutalirudia mbele ya wazee. Tusi lenyewe, ndugu zangu, hawakulizua wao. Walilitoa kwetu nyumbani, tunapowataja majirani.

Usiku ule ule tuliwahamisha wote. Tukaunda makundi ya chungu: kila kundi wasichana sita, sufuria moja, mafiga matatu, na hakuna wawili wa kijiji kimoja. Wakiunguza ugali wanakula ulioungua. Hapo ndipo kambi ilipoanza. Wa Mbulumbulu wanajua kuwasha kuni mbichi. Wa Nainokanoka waliwafundisha wenzao kuosha kibuyu kwa moshi na kugandisha maziwa. Kuna msichana wa Kihadzabe kutoka Eyasi, mpole sana, ambaye kwa siku tano hakuna aliyemsikia sauti. Jumamosi tukapanda mlimani kuokota kuni. Yeye akachonga kijiti, akachagua mahali ambapo sisi tuliona udongo tu, akachimba mzizi mnene kama mkono wa mtoto, akauchoma, akaugawa. Kuanzia jioni hiyo kundi lake halikumruhusu akae mbali. Kidatoga, Kimaasai, Kiiraqw, kila mmoja anaondoka na maneno machache ya mwenzake, mengi yakiwa ya chakula na mengine ya utani usiofaa.

Na usiku. Taa zinazimwa saa tatu na nusu, na sisi walezi tunalala chumba hicho hicho. Tuna dumu lililokatwa juu ambamo kila mtu hutia karatasi yenye swali, bila jina. Tunayasoma kwa tochi na kuyajibu gizani, kwa sababu gizani hakuna anayeona ni nani aliyeinama. Mengine yanachekesha. Kuna aliyeuliza kama kweli Kiingereza kinaingia haraka ukilala na kitabu chini ya mto. Mengine hayachekeshi. “Baba amesema niandike majibu ya uongo kwenye mtihani ili nifeli. Niliandika ya kweli. Akijua?” Swali hilo lilijibiwa na wasichana wenyewe, mmoja baada ya mwingine, hadi karibu saa sita. Watatu kati yao walikuwa wameambiwa hivyo hivyo makwao.

Hilo ndilo tunalotaka mlishike. Masomo wanaweza kuyapata kwingine. Wanachokipata kambini ni watu. Binti wa Baray anaondoka akiwa na rafiki Rhotia na mwingine Olbalbal, na namba za simu za mama zao zimeandikwa nyuma ya daftari. Mwaka juzi, mwezi wa pili, mmoja wao alisikia akipangiwa mume. Hakutupigia sisi. Aliazima simu kisimani akampigia rafiki wa kundi lake la chungu. Rafiki akamwambia mama yake, mama akaenda kwa mtendaji wa kata, mtendaji akamwita afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likajulishwa. Sisi tulipata habari mambo yalipokuwa yameshatulia. Namba 116 ya simu kwa watoto tunawakaririsha wote, na ni ya bure. Lakini tumeona kwamba mtoto akiogopa humpigia kwanza mtu aliyekula naye ugali ulioungua.

Yuko shuleni mpaka leo. Baba yake tulimwendea baadaye, tukanywa chai. Si mtu mbaya. Ukame ulikuwa umemalizia mifugo, na alikuwa akihesabu vilivyobaki.

Mwaka jana michango haikutosha. Badala ya siku 21 tulikaa siku 8. Tuliwarudisha nyumbani tarehe ambayo tulijua si nzuri, kwa sababu unga ulikuwa umekwisha na dereva alitaka hela yake. Januari tulipozunguka shuleni kuhesabu, kiti kimoja kilikuwa kitupu. Alikuwa binti wa darasa la saba, amefaulu, sare ameshapimwa. Hatutataja kijiji. Hatusemi kwamba kambi ingemwokoa. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Tunasema jambo hilo lilifanyika katika zile siku 13 ambazo angekuwa nasi.

Basi hesabu ndiyo hii. Unga nusu kilo kwa kichwa kwa siku ni kilo 30 kwa siku, kilo 630 kwa kambi nzima, yaani magunia sita ya kilo mia na kidogo. Maharage magunia mawili. Mbulumbulu wameshaahidi mahindi, na Mang'ola wametuma ujumbe kwamba vitunguu tusinunue. Ndugu zetu wa ndani ya Hifadhi kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo msiwatazame kwa gunia. Wametoa mbuzi wawili, na mbuzi hao tunawajua kwa sura. Kinachotushinda ni vitu ambavyo havipigwi picha: nauli, kuni, dawa, mlinzi wa usiku, na mafuta ya gari. Hakuna atakayeandikwa jina lake kwenye lita ya dizeli. Ukijenga choo utawekewa kibao, na tunajua kibao kina utamu wake.

Kuna jambo moja jipya. Tangu 2022 baadhi ya familia za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Kuhusu kuhama kwenyewe kila mtu humu ndani ana lake, na usiku huu si wa hayo. Lakini wasichana wanne waliokuwa nasi sasa wako kule, na wameandika barua, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu, wakiomba waje Desemba. Ni safari ndefu ya basi, na lazima mtu mzima awafuate na kuwarudisha. Tumewajibu kwamba tutawaambia baada ya hafla hii.

Gari la Endulen litaondoka Karatu alfajiri ili liwachukue wasichana na kutoka Lodoare kabla lango halijafungwa saa kumi na mbili jioni. Akina mama wenye nafasi ya kulala kambini hata siku tatu, tunawahitaji kuliko hela. Njooni na blanketi zenu, magodoro tunayo. Mweka hazina amekaa meza ile ya karibu na mlango, ana daftari la risiti. Mkishachangia, pitieni pale pembeni. Vile vikapu vya shanga na taulo vimeshonwa na wasichana wenyewe, na bei yake imeandikwa na wao, kwa hiyo msituombe sisi tuwapunguzie.